Namna ya kucheza winga mchapakazi: mfano wa Antonio Valencia wa Ekuador

Mtu akikuambia winga lazima ajue chenga kumi, mwonyeshe mechi za Antonio Valencia. Chenga yake ilikuwa moja, mguu wa kutegemea ulikuwa mmoja, wa kulia, na kila beki wa kushoto wa England alijua atapita wapi. Akapita hivyo hivyo. Kwa mtaji huo alicheza mechi 339 Manchester United kati ya 2009 na 2019, akachukua Ligi Kuu ya England mara mbili, Kombe la FA la 2016 na Ligi ya Europa ya 2017, na akaondoka akiwa nahodha wa klabu.

Mwongozo huu ni wa kijana anayecheza namba saba, yaani winga wa kulia, na wa kocha anayemlea. Anayecheza kushoto ageuze tu pande. Amerika Kusini imetoa mawinga wenye majina makubwa kumzidi Valencia, lakini yeye ana faida moja kwa anayejifunza: karibu kila alichofanya kinafundishika. Kipaji cha Neymar hakipangiwi ratiba. Kusimama mahali sahihi, kumvuka beki kwa kasi, kupiga krosi isiyogonga mtu wa kwanza na kurudi kukaba, hayo yanapangiwa ratiba, na yanazaa matunda ndani ya msimu mmoja.

Kwanza tafuta mahali pa kucheza

Valencia alizaliwa tarehe 4 Agosti 1985 Lago Agrio, mji wa mafuta ulio upande wa Amazoni ya Ekuador, akapanda Quito kuchezea El Nacional, klabu ya jeshi. Mwaka 2005 akaenda Villarreal ya Hispania, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20, alikuwa Kombe la Dunia Ujerumani, ambako Ekuador ilifika 16 bora. Lakini Villarreal hakupata namba. Alipelekwa kwa mkopo Recreativo de Huelva, kisha mwaka 2006 Wigan Athletic, timu ndogo ya kaskazini mwa England iliyokuwa mara nyingi ikipigania isishuke. Mwaka 2008 Wigan wakamnunua moja kwa moja.

Wengi huiruka Wigan wanapomsimulia, nasi tunaona ndiko alikoiva. Winga wa timu inayoshambuliwa dakika 60 kati ya 90 hana namna: asiporudi kukaba, timu inafungwa na yeye anatolewa. Na mpira anaoupata ni mchache, kwa hiyo kila krosi ina thamani. Ukipewa mkopo, uliza mambo matatu kabla ya kusaini. Timu inacheza mfumo wenye mawinga, au unaenda kugeuzwa kitu kingine? Nani yuko kwenye namba yako sasa, na ana mkataba wa muda gani? Aliyekutaka ni kocha mwenyewe au ni uongozi? Jibu la swali la tatu likiwa “uongozi”, fikiri mara mbili. Kocha asiyekuchagua hukurudisha benchi ukipoteza mpira mara mbili.

Mahali pa kusimama

Uwanja wa mechi kubwa una upana wa mita 68, na boksi la penalti lina upana wa mita 40.3. Kati ya ukingo wa boksi na mstari wa pembeni kunabaki takriban mita 14 kila upande. Hapo ndipo ofisi yako ilipo.

Timu yako ikiwa na mpira, simama mita moja ndani ya chaki (mstari wa pembeni), mgongo ukiielekea chaki, ili uone kwa jicho moja mpira unakotoka na goli unakoelekea. Mpira ukija, upokee kwa mguu wa kulia, ule ulio karibu na goli la wapinzani. Ukiupokea kwa wa kushoto utajikuta umempa goli mgongo, beki amekufikia, na kilichobaki ni kuurudisha nyuma. Kosa hili dogo ndilo linalowafanya mawinga wengi waonekane hawana kasi: kasi wanayo, ila wanaanza kila shambulizi wakiwa wameangalia upande wao wenyewe.

Timu ikipoteza mpira, kipimo kinabadilika. Kwenye 4-4-2 aliyokulia Valencia (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili), mpira ukiwa upande wako unakaa mita 8 hadi 10 mbele ya beki wako wa kulia. Mpira ukiwa upande wa pili, ingia ndani hadi usawa wa ukingo wa boksi, umkaribie kiungo wako. Winga anayebaki chakini akisubiri mpira wa kushtukiza anaacha pengo la mita 20 katikati, na timu yoyote yenye kiungo mwenye macho itapitishia pasi hapo hapo.

Chenga moja, lakini ya uhakika

Mtazame Valencia wa msimu wa 2009–10 au 2011–12. Anapokea, anamwendea beki namba tatu (beki wa kushoto), na ghafla anasimama. Mpira uko mbele ya mguu wa kulia, hauendi popote. Beki naye anasimama. Nusu sekunde inapita, kisha mpira unasukumwa kando ya chaki na Valencia anaufuata. Hakuna mkasi, hakuna kuzungusha mguu juu ya mpira.

Siri iko kwenye kule kusimama. Beki anayerudi nyuma kwa ubavu ana kasi tayari. Ukimsukumia mpira wakati huo mnashindana mbio mkiwa sawa. Akisimama, miguu yake inalingana na uzito unashuka visiginoni. Kutoka hapo anahitaji kugeuka kwanza ndipo akimbie, nawe unahitaji kukimbia tu. Hatua zake:

1. Mwendee beki kwa kasi ya wastani, ukigusa mpira kila hatua ya pili. Ukija kwa kasi yote hutabaki na gia ya kuongeza.

2. Simama mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwake. Chini ya mita moja anautia mguu. Zaidi ya mita tatu ana muda wa kugeuka.

3. Angalia miguu yake, usiangalie uso. Ikilingana, nenda. Ikiwa amekaa ubavu, mguu mmoja nyuma, gusa mpira kidogo kuelekea ndani ili umlazimishe asogee, halafu nenda.

4. Sukuma mpira kwa upande wa nje wa mguu wa kulia, mita 3 hadi 5 mbele, sambamba na chaki. Hatua zako tatu za kwanza ziwe fupi na kifua kiwe kimeinama mbele.

5. Ukishampita bega, kata kidogo kuelekea ndani, uingie kwenye njia yake. Sasa akitaka mpira lazima apite mgongoni kwako, na hapo ama anakuacha ama anakuchezea faulo.

Hatua ya tano ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Winga anampita beki kwa nusu mita, kisha anaendelea kukimbia chakini kwa mstari ulionyooka, na beki mwenye mbio anamrudia kabla ya krosi. Valencia alikuwa na mwili mzito na imara na aliutumia hapo: akishapata bega, humtoi.

Mazoezi yake hayana gharama. Weka koni mbili zilizoachana mita 14 ziwe mstari wa mwisho, umbali wa mita 20 kutoka unapoanzia. Mwenzako akabe. Unapata pointi ukivuka mstari wa mwisho ukiwa na mpira miguuni. Fanya mara 8, pumzika dakika tatu, rudia mara moja. Mwenzako aambiwe wazi kwamba utapita nje. Usimwambie lini.

Usijaribu chenga hii kama kuna beki wa pili anayemfunika mwenzake kwa umbali wa mita 5 nyuma. Mpira unaousukuma utakuwa wa kwake. Hapo toa pasi ndani kwa kiungo, mpite beki bila mpira, uupokee mbele.

Krosi

Mshambuliaji Wayne Rooney alifunga kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa na yeyote, msimu ule wa kwanza wa Valencia Old Trafford, uwanja wa United. Tarehe 16 Februari 2010, San Siro, Valencia aliingia kipindi cha pili kuchukua nafasi ya Nani, na muda si mrefu krosi yake ikakutana na kichwa cha Rooney; United wakashinda 3–2 dhidi ya AC Milan. Siku kumi na mbili baadaye, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Aston Villa pale Wembley, krosi ya Valencia tena, kichwa cha Rooney tena, 2–1. Ukizirudia krosi hizo utaona hazipigwi kumtafuta Rooney. Zinapigwa mahali, na Rooney anajua mahali hapo.

Mahali penyewe ni ukanda ulio kati ya mstari wa boksi dogo (mita 5.5 kutoka golini) na alama ya penalti (mita 11). Karibu zaidi ya hapo ni mpira wa kipa. Mbali zaidi, mpigaji kichwa anahitaji nguvu nyingi mno kufunga.

Mguso wa mwisho kabla ya krosi ndio unaoamua. Usukume mpira mita moja mbele na kidogo ndani, si sambamba na chaki, ili uweze kuufikia huku nyonga ikigeukia goli. Mpira ukiwa chini ya mwili wako, mguu hauna nafasi ya kuzunguka na krosi inatoka dhaifu. Inua kichwa kabla ya mguso huo, uone nani amekwenda nguzo ya karibu na nani ya mbali. Baada ya hapo macho yarudi kwenye mpira mpaka umeondoka. Mguu wa kusimamia, yaani wa kushoto, uukanyage sentimita 20 hivi pembeni ya mpira, kidole kikielekea unakotaka mpira uende. Piga kwa sehemu ya ndani ya mgongo wa mguu, kifundo kikiwa kimekazwa, chini kidogo ya kiuno cha mpira.

Makosa yana sura zake, na kila moja lina chanzo. Krosi ikimgonga mtu wa kwanza, mara nyingi hukusogeza mpira kabla ya kupiga, au umepiga katikati ya mpira badala ya chini yake. Ikipitiliza hadi upande wa pili, umeegemea nyuma. Ikitoka nje nyuma ya goli, mguu wa kusimamia ulibaki nyuma ya mpira na kidole kilielekea kibendera cha kona. Kocha asimame nyuma ya mpigaji na atazame mguu wa kushoto. Akiutazama wa kulia hataona kitu.

Zoezi linalofaa: simamisha mlingoti au sanamu ya mazoezi mita mbili mbele ya unapopigia, iwe na kimo cha mtu. Piga krosi 6 za juu kwenye nguzo ya mbali, 6 za juu kiasi cha kichwa nguzo ya karibu, na 6 za chini kurudi nyuma kwenye alama ya penalti, zote ukitoka mbio. Fanya mzunguko huo mara mbili tu, jumla krosi 36. Ukizidisha kinena kinaweza kuanza kuuma, na maumivu ya kinena hayaondoki kwa wiki moja. Hesabu zilizomvuka mtu wa kwanza na kuangukia kwenye ukanda. Sita kati ya kumi ni kiwango kizuri.

Krosi ya chini ya kurudi nyuma ipe uzito zaidi ya nyingine kila ukifika mstari wa mwisho. Mabeki wanakimbia kuelekea goli lao na mpira unakwenda kinyume chao. Kuukata ni kazi ngumu, na wakiugusa vibaya unaingia wavuni.

Kisha kuna siku ya kutokupiga krosi. Tarehe 2 Aprili 2012, Ewood Park, uwanja wa Blackburn, United walikuwa 0–0 na Blackburn hadi dakika ya 81. Valencia akashuka upande wa kulia kama kawaida, mabeki wakakusanyika kungoja krosi, kipa naye akasogea. Akapiga shuti la mshazari lililomvuka kipa hadi kona ya juu ya mbali. Dakika chache baadaye Ashley Young akaongeza la pili. Shuti hilo lilifaa kwa sababu alikuwa amewazoesha watu krosi muda wote. Lifanye mara moja au mbili kwa mechi, ukiona kipa ameiacha nguzo yake hatua mbili.

Kurudi kukaba

Hapa ndipo winga mchapakazi anapotofautiana na winga anayekimbia tu. Kukimbia sana si kukaba. Kuna kanuni chache ambazo zikishikwa zinaokoa mapafu.

Mpira ukipotea karibu nawe, ndani ya mita 10, ushambulie mara moja kwa sekunde tano. Sekunde tano zikipita bila kuupata, acha, rudi kwenye umbo la timu. Winga anayeendelea kuufukuza mpira hadi kwa beki wa kati wa wapinzani anamwacha beki wake wa kulia peke yake dhidi ya watu wawili.

Unaporudi, kimbia kuelekea nguzo ya karibu ya goli lako, si kando ya chaki. Njia ya ndani ni fupi, na inakuweka kati ya mpira na goli. Ukishafika usawa wa mpira ndipo utoke kwenda kwa mtu wako. Mawinga wengi hurudi wakimfuata beki namba tatu wa wapinzani kwa nyuma, hatua mbili, kama wanaomsindikiza. Huyo hajakaba.

Ukikutana naye, kubaliana na beki wako mapema, kabla ya mechi kuanza, nani anaziba wapi. Mpango rahisi ni huu: wewe unaziba ndani, yeye anangoja nje, mpinzani anasukumwa chakini. Chaki haipitwi. Neno moja linatosha uwanjani, “nje” au “ndani”, na lisemwe na aliye nyuma kwa sababu ndiye anayeona.

Hatua tatu za mwisho kabla ya kumfikia mtu ziwe fupi, magoti yamekunjwa, ubavu. Usiutupe mguu. Jukumu lako kwanza ni kumchelewesha hadi wenzako wafike. Kunyang'anya kunakuja baadaye.

Valencia mwenyewe ametuachia somo chungu la jambo hili. Tarehe 25 Juni 2014, Maracanã, akiwa nahodha wa Ekuador kwenye Kombe la Dunia dhidi ya Ufaransa, alikwenda kugombea mpira na Lucas Digne, mguu wake ukapita juu ya mpira, meno ya njumu yakamfikia mwenzake. Kadi nyekundu, dakika ya 50. Ekuador waliokuwa wanahitaji ushindi walicheza karibu kipindi chote cha pili wakiwa kumi, wakatoka 0–0, wakarudi nyumbani. Mpira ulikuwa wa kugombewa kweli. Kosa lilikuwa kimo cha mguu. Mnapoufikia mpira pamoja, ingia kwa ubavu wa mguu, unyayo ukitazama ardhi. Ukiona unachelewa kwa nusu hatua, rudisha mguu, mwache aguse, umkabe mguso unaofuata.

Mwili na ratiba ya wiki

Mbio za winga ni fupi, za mita 15 hadi 40, na zinarudiwa. Kwa hiyo kukimbia kilomita 10 kwa mwendo mmoja hakukuandai vya kutosha. Fanya mbio 6 za mita 30, pumziko la sekunde 25 kila moja, hiyo ni seti moja. Pumzika dakika 4, fanya seti ya pili. Ukizoea, baada ya wiki nne, ongeza ya tatu, na badala ya kukimbia moja kwa moja, nenda mita 15, geuka, rudi 15. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Isiwe siku moja kabla ya mechi.

Matunda yake yanaonekana wakati wengine wamechoka. Ángel Di María wa Argentina, mchapakazi mwingine wa bara hilo, alikuwa amecheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2014 kule Lisbon hadi dakika ya 110 alipowakata mabeki wa Atlético Madrid upande wa kushoto na kupiga shuti. Kipa Courtois akaligusa, Gareth Bale akamalizia kwa kichwa, Real Madrid wakaongoza 2–1. Siku ile Di María alikuwa amepangwa kiungo, akikaba na kushambulia kwa pamoja. Mbio ile ya dakika ya 110 inatengenezwa Jumanne na Jumatano, mazoezini.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo adui wa kwanza wa mtu wa mbio. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo, shuka mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, uzuie kwa paja kadiri uwezavyo, umalizie kwa mikono. Anza seti 2 za mara 5, mara moja kwa wiki. Panda taratibu hadi seti 3 za mara 8, mara mbili kwa wiki. Siku mbili za kwanza utaumwa sana. Hiyo ni kawaida, lakini ndiyo sababu zoezi hili haliwekwi karibu na mechi.

Wiki yenye mechi Jumamosi inaweza kuwa hivi: Jumapili kunyoosha viungo na kutembea, Jumatatu mapumziko, Jumanne mbio za kurudia na zoezi la paja, Jumatano chenga na krosi 36, Alhamisi mpango wa kukaba pamoja na beki wako, Ijumaa dakika 30 nyepesi zenye krosi zisizozidi 10.

Kuhusu njumu, usiende kwa rangi. Uwanja mkavu na mgumu unataka meno mafupi. Nyasi laini zenye maji zinataka marefu. Nyasi bandia zinataka meno mengi mafupi ya duara. Meno marefu kwenye ardhi inayoshika yanafunga mguu wakati mwili unageuka, na kinachovunjika hapo ni kifundo au goti.

Tarehe 14 Septemba 2010, dhidi ya Rangers ya Scotland, Valencia alivunjika mguu na kifundo kikateguka. Alirudi uwanjani tarehe 12 Machi 2011, akitokea benchi kwenye mechi ya Kombe la FA dhidi ya Arsenal. Karibu miezi sita, tena kwa klabu yenye madaktari na mitambo yote. Mwezi Mei alianza fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Barcelona. Mwenye jeraha la namna hii asidanganyike na kutembea bila maumivu. Daktari akishakuruhusu, mpangilio ni huu: kusimama mguu mmoja sekunde 30 macho yamefumbwa, kupanda kwa vidole vya mguu mmoja mara 25, kuruka kwa mguu mmoja hadi ufikie angalau asilimia 90 ya umbali wa mguu mzima, kukimbia moja kwa moja, kukimbia kwa kugeuka, krosi za kusimama, krosi za mbio, na mwisho kabisa kugombea mpira na mtu. Usiruke hatua. Kila hatua ipite siku mbili bila uvimbe ndipo uende inayofuata.

Mabeki wakishakujua

Msimu wa 2012–13 Valencia alipewa jezi namba 7, iliyovaliwa na Best, Cantona, Beckham na Ronaldo. Kiwango kikashuka. Mwaka 2013 aliomba arudishiwe 25 yake. Watu wanapenda kusema jezi ilimlemea, na huenda, lakini kiufundi kuna jambo la kujifunza zaidi: mabeki walikuwa wameacha kumkaribia. Walisimama mita tatu mbali, wakangoja, wakiwa na mtu wa kuwafunika.

Dawa ni tatu, na uzifanyie kazi kabla hazijahitajika. Ya kwanza ni krosi ya mapema: beki akikuachia mita tatu, hana uwezo wa kuzuia mpira unaopigwa kutoka hapo hapo ulipo, mita 25 kutoka mstari wa mwisho, nyuma ya mabeki wao wa kati. Ya pili ni kumtumia beki wako anayepanda: simama na mpira, mwache apite nje yako, mtu wako lazima achague mmoja. Ya tatu ni mguu wa kushoto. Dakika 10 kila mazoezi, pasi za mita 10 na krosi fupi za kurudi nyuma. Huhitaji kuwa hodari. Unahitaji tu beki aamini kwamba unaweza kuingia ndani.

Kushuka kuwa beki wa kulia

Kocha Louis van Gaal alimtumia Valencia kama beki wa pembeni kuanzia 2014, na chini ya José Mourinho akawa namba mbili wa kwanza. Tarehe 24 Mei 2017, Stockholm, alivaa kitambaa cha unahodha kwenye fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Ajax, 2–0. Mwaka 2018 akawa nahodha wa klabu. Hakuna aliyewahi kuyapata hayo kwa kukataa kurudi nyuma, na winga anayekaba vizuri anabeba namba mbili mfukoni tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo kuna vitu vitatu vipya vya kusomea. Kwanza, mpira unaotoka upande wa pili kuja nguzo ya mbali. Winga hajazoea kuupigia kichwa akirudi nyuma. Fungua mwili uone mpira na mtu, mguse mtu wako kwa mkono bila kumshika, uruke mapema kumzidi. Krosi 15 kwa wiki za namna hii kwa miezi miwili, kabla ya mechi ya kwanza. Pili, mstari wa kuotea: beki mmoja akibaki nyuma hatua moja, wote wameharibu. Mtazame beki wa kati aliye karibu nawe kila sekunde tatu. Tatu, muda wa kupanda. Usipande mpira ukiwa kwa mtu anayekabwa. Panda ukiwa kwa mtu aliyeinua kichwa, na kiungo mmoja amebaki kulinda ulikotoka.

Tarehe 17 Septemba 2017, dakika ya 4 dhidi ya Everton, mpira ulikuwa kwa kiungo wa United, Nemanja Matić, upande wa kushoto. Valencia, beki wa kulia mwenye miaka 32, hakukimbilia chakini. Alisogea nje kidogo ya boksi mahali ambapo hapakuwa na mtu, akangoja, Matić akampelekea mpira wa juu, naye akaupiga kabla haujagusa ardhi. Bao. United walimaliza 4–0. Ukilitazama tena, ganda kwenye sekunde mbili kabla ya pasi: kiungo wao yuko wapi, winga wao wa kushoto amesahau nini, na Valencia ametembea mita ngapi.